Udhu wa Shangazi katika Jangwa la Barka

Kwetu Lamu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mwenye mimba. Binti hata akiwa na nyumba yake nzuri, miezi ikikaribia hufungasha nguo zake akarudi kwao, na siku ya uchungu mama yake ndiye humshika mgongo. Naanza na jambo hili ili msomaji asimdhanie shangazi yangu kuwa mwendawazimu.

Binti yake aliolewa na mwanachuoni kijana kutoka Barka, nchi ya jangwa iliyo magharibi ya Misri, ambayo wakati huo ilikuwa bado mikononi mwa Waturuki. Alikuja Lamu kusoma, akakaa miaka, akaoa, akazoea hata samaki wa kupaka. Kisha baba yake akafa, ikabidi arudi kusimamia mitende ya kwao, na mkewe akamfuata. Ahadi ilikuwa kwamba mimba ya kwanza ingemrudisha binti nyumbani. Lakini haji mmoja aliyetoka Makka alituletea salamu: mimba ipo, binti anatapika kila anachokula, hawezi kupanda ngamia.

"Kama hawezi kuya yeye," shangazi alisema, "nitakwenda mimi."

Mimi ni mtoto wa kiume wa kaka yake, kwa hiyo kisheria naweza kusafiri naye, na Kiarabu nakijua kwa kuwa nilikuwa nikisomesha chuoni. Sikupata nafasi ya kukataa. Jirani mmoja, bibi mwenye ulimi mkali, alikuja kumcheka.

"Mtu hwenda Makka, hwenda Unguja, hwenda Shihiri. Barka hwenda nani?"

"Hwenda mwenye mwana," shangazi akamjibu, na akaendelea kukunja nguo.

Sitaeleza sana habari za meli. Tulipita Adeni na Suezi, tukapanda nyingine Iskandaria, tukashuka Benghazi, na huko tukajiunga na msafara wa kwenda kusini, kwenye chemchemi za Jalo alikokuwa binti. Njiani shangazi alikuwa akihesabu miezi kwa vidole chini ya buibui lake. Kila alipomaliza kuhesabu alikuwa akianza upya, kana kwamba hesabu ingeweza kumhurumia.

Kutoka kisima cha mwisho hadi Jalo hakuna maji. Kiongozi wa msafara, mwanamume mfupi mwenye jicho moja bovu, alitueleza sheria pale kisimani: kila mtu hujaza viriba vyake, yaani mifuko ya ngozi ya maji, na kila mtu hunywa chake. Mimi na shangazi tulijaza viwili. Kwa heshima ya mwanamke, vyote vilifungwa kwenye ngamia wake, nyuma ya pazia la kibanda alichokaa, ambako hapana mwanamume ambaye angechungulia.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa bara huenda asilielewe. Lamu kila msikiti una birika la kutawadhia mlangoni, na hakuna anayeingia na vumbi miguuni. Katika nyumba kubwa birika limo ndani, na samaki wadogo wanaogelea humo wakila viluwiluwi vya mbu. Shangazi alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Aliwasomesha wanawake wa mtaa wetu mambo ya sala, ukiwemo mlango wa tayammumu, yaani kujitwahirisha kwa mchanga pale maji yanapokosekana. Aliujua mlango ule kwa moyo. Lakini hapana hata mmoja kati yetu aliyewahi kumwona mtu akifanya hivyo. Kwetu zilikuwa kama habari za theluji.

Basi shangazi aliona ana maji, na mwenye maji hutawadha. Alitawadha kwa sala zote tano, uso, mikono na miguu, mara tatutatu kama ilivyo sunna, na hakubakisha hata vidole vya miguu. Alitawadha nyuma ya pazia, na mimi niliyesali na wanaume sikuona.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, kiongozi alipita akivipapasa viriba vya kila ngamia. Alipofika kwa wetu alisimama. Alitia mkono nyuma ya pazia akavuta kiriba kimoja, kikatoka kimelegea kama ngozi ya mbuzi aliyechunwa jana. Cha pili kilikuwa na maji ya kujaza bakuli.

"Kimetoboka?" akaniuliza.

Nilimtazama shangazi. Alijibu mwenyewe, kwa Kiamu, na mimi nikatafsiri: "Sala."

Kisha kiongozi akasema bila kupandisha sauti: "Nitawarudisha kisimani na mtu mmoja. Mtangoja hapo msafara mwingine."

"Utapita lini?" nikauliza.

"Mungu akipenda, mwezi ujao."

Shangazi alihesabu kwa vidole mara moja tu. Mwezi ujao binti angekuwa ameshajifungua, au ameshakufa.

Nilimwomba kiongozi atugawie maji ya wengine kidogo kidogo. Akatikisa kichwa. "Mimi naongoza njia, siongozi viriba vya watu. Maji ya mtu huyatoa mwenyewe. Wakikubali wote, twaendelea. Akikataa mmoja, mnarudi."

Kwetu mtu hasafiri bila kutaka radhi. Huzunguka kwa ndugu na majirani akisema, niwie radhi nilipokukosea. Lakini mwanamke wa cheo cha shangazi hazunguki. Hukaa ndani, watu wakamwendea. Na katika maisha yake sauti yake haikuwahi kusikiwa na mwanamume asiye wake ila kwa nyuma ya pazia. Nikamwambia, "Shangazi, kaa, nitakusemea."

"Mai sikuyamwaga kwa mkono wako," akasema, akashuka.

Alimwendea kila mmoja, akasimama mbele yake juani, akamtaka radhi na maji kwa Kiarabu cha vitabuni, alichokisoma tu na hakuwahi kukizungumza. Wale watu walitazamana, maana mama huyu aliongea kama hotuba ya Ijumaa. Mmoja alicheka, mwingine akainamisha macho, na wote wakasema sawa. Akabaki mfanyabiashara wa majani ya chai, mtu mnene wa Benghazi, ambaye viriba vyake ndivyo vilivyokuwa vimejaa zaidi.

"Bibi wa baharini," akasema, "unaosha miguu umwendee nani? Huku hata malaika hutembea na vumbi."

Shangazi hakujibu kejeli. "Binti yangu atazaa. Hana mtu."

"Ulitawadha mara ngapi kwa siku?"

"Kila sala. Na ya dhuha asubuhi pia."

Yule mtu akajipiga paja. "Wallahi umesali kwa siku mbili kuliko mimi kwa mwaka mzima!" Kisha uso wake ukakaza. "Nitatoa. Lakini magharibi nataka nikuone ukipiga mchanga. Nikiona tone moja limeanguka chini, unarudi."

Jua lilipozama wote walimtazama. Shangazi alikaa kwa magoti, akakunjua mikono yenye hina, na ikabaki hewani muda mrefu. Nilisikia akijisomea mlango wa tayammumu kwa kunong'ona, neno kwa neno, kama alivyowasomesha wasichana wake. Kisha akapiga mchanga, akapangusa uso, akapiga tena, akapangusa mikono. Mfanyabiashara wa chai akageuka akaenda kusali.

Siku zilizofuata tulikunywa kwa kifuniko cha birika la chai, kifuniko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Midomo ya shangazi ilipasuka. Nilipojaribu kumpa changu alinikazia macho. "Ukifa wewe, nani atanifikisha?" Ngamia mmoja alipiga magoti akakataa kuinuka, mzigo wake ukagawanywa, na niliona watu wakitutazama.

Tulipoiona mitende ya Jalo, mkwe wetu alikuwa akikimbia kutujia bila viatu.

"Tangu alfajiri!" alipiga kelele, kwa Kiamu kile kile alichojifunza kwetu. "Tangu alfajiri anakuita wewe!"

Mlangoni kwao shangazi hakungoja ngamia apige magoti vizuri. Aliteleza, akashika mkono wa mwanamke wa kwanza aliyemwona mlangoni, akaingia ndani na vumbi lake lote.

Sisi wawili tulibaki chini ya ukuta wa udongo. Tulisikia wanawake wakisemezana kwa Kiarabu, wakimwambia binti apumzike, na sauti ya binti ikipanda na kukatika. Kisha ikaja sauti kavu, iliyokwaruza, ya mtu aliyekosa maji: "Sukuma, mwanangu! Ni mimi! Sukuma!" Wanawake wa Jalo hawakujua neno lile, lakini baada ya kitambo wote walikuwa wakilipaza: "Sukuma! Sukuma!"

Mkwe wetu aliposikia kilio cha mtoto alisujudu pale pale mchangani.

"Mwambieni babake," shangazi akaita kutoka ndani, "ni mwanamke, na jina lake litatoka kwetu Lamu!"

Mkwe akakubali kabla hajauliza ni jina gani.