Zeituni Zenye Ukungu

Kijijini kwetu mtu akibishiwa jambo alikuwa akisema, "Kamuulize Prokopis," na ubishi unaishia hapo. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa msimamizi wa kinu cha zeituni cha bwana Vlasis. Mwaka mmoja padri alileta zeituni zilizolala guniani hadi zikaota ukungu. Prokopis akamwambia mbele za watu, "Baba, mafuta ya hizi hata taa ya mtakatifu itayatapika." Tulicheka wiki nzima.

Ndiye aliyesimamia harusi yetu na kutubadilishia mataji vichwani, mimi na mume wangu Sarantis. Tangu siku hiyo akawa kumbaro wetu, nami kumbara wake, mtu wa nyumbani kuliko ndugu.

Sarantis alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga pale kinuni. Desemba, zeituni zilipofurika, Vlasis alitaka kifuniko cha mashine kiondolewe ili kazi iende mbio. Prokopis alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakifungua yeye mwenyewe. Siku nne baadaye mashine ilimnasa mume wangu mkono wa koti, ikamvuta, akafa.

Haya alinisimulia Prokopis jikoni kwangu, analia, kahawa hajaigusa. Vlasis alikuwa ameshaeneza kwamba marehemu alikuwa mlevi.

"Nitasema yote mahakamani, kumbara," aliniambia. "Sarantis hakuwa ameonja hata tone."

Mimi sikutaka kingine. Nilitaka jina lake lisafishwe, wanangu wasiitwe watoto wa mlevi.

Wiki moja kabla ya kesi ya kifo hicho, Vlasis akawa baba wa ubatizo wa mjukuu wa Prokopis. Sasa wao nao wakaitana kumbaro. Siku ya kesi Prokopis aliweka mkono juu ya Injili, akasema asubuhi ile Sarantis alinuka pombe. Hakunitazama.

Ikafika Jumapili ya kuombana msamaha, ile ya kuingia Kwaresima. Tunapanga foleni kanisani, kila mtu anamwinamia mwenzake. Huyu anasema nisamehe, yule anajibu Mungu akusamehe. Hata waliogombania mpaka wa shamba miaka kumi hujibu. Prokopis akanifikia, Vlasis yuko nyuma yake.

"Nisamehe, Asimina." Hakuniita kumbara.

"Nikusamehe nini? Kitaje."

"Yote."

"Moja linanitosha. Sarantis alikuwa amelewa?"

Foleni ikasimama. Alifungua mdomo, na naapa neno la kweli lilikuwa linakuja. Vlasis akamgusa bega, akamwambia taratibu, "Twende, kumbaro, watu wanangoja." Prokopis akasogea kwa mwanamke aliyefuata, akainama.

Siku hizi wanasema Asimina alimnyima mtu msamaha ndani ya kanisa. Mume mlevi, mke ana roho mbaya. Prokopis bado yuko kinuni, na bado hapokei zeituni zenye ukungu. Mwaka jana alizirudisha zangu, magunia matatu, mbele za watu.

Zilikuwa na ukungu kweli.