Mgeni Aliyejua Jino la Hamida

Mtu ambaye hajawahi kukanyaga bomani kwangu alijua jino gani la mjukuu wangu lilikuwa linatikisika.

La mbele, juu, upande wa kushoto.

Alijua pia kwamba nyumbani tunamwita Kasuku. Alijua mbuzi wake anaitwa Chifu na ana pembe moja.

Nisomeni polepole. Mimi ni nyanya, nilikomea darasa la saba, na habari yangu siwezi kuikimbiza.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, Musanda, miwa kila upande. Niliishi na mwanangu Bashir, mkata miwa, na binti yake Hamida, miaka saba, darasa la pili. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado wa kunyonya. Huyo nilimlea kwa mgongo wangu mwenyewe.

Alhamisi moja, kama saa tano hivi, nilikuwa nimeanika betri za redio juu ya kipande cha bati zipate nguvu kidogo. Mara nikaona watu wanatoka ndani ya miwa.

Bashir mbele, mweusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa. Panga mkono mmoja, Hamida mgongoni. Nyuma yake wenzake wawili, nao na mapanga.

"Mama, kuna mtu amekuja shuleni kumchukua Hamida."

Nilikaa chini palepale, karibu na betri.

Mtoto alikuwa amemwambia mgeni anarudi darasani kuchukua kitabu. Akatokea upande wa pili, akapita chini ya ua wa shule, akakimbia ndani ya miwa mpaka mahali baba yake alikuwa anakata siku hiyo. Bashir na wenzake walipofika shuleni, mtu hayupo. Alama za magurudumu tu barabarani.

Jioni Mwalimu Joash akaja kwangu. Alikuwa mgeni Musanda, hata muhula hajamaliza. Alikunywa chai bila kuniangalia.

"Mama, alikuja wakati wa mapumziko. Suti ya kaunda, viatu safi, mkate mkononi. Akasema ni mjomba wa mtoto."

"Ukamwamini."

"Alijua mpaka jina la mbuzi. Mtu anayejua mbuzi wenu ningemshukuje?"

"Na wewe si unajua jina la Rais? Ikulu wanakujua?"

Akaweka kikombe chini, akaaga. Lakini usiku huo na mimi sikulala, kwa sababu swali lake lilikuwa la kweli. Alijuaje?

Bashir akakata shauri.

"Jumatatu nampeleka Chekalini kwa wajomba zake. Akae huko mpaka tujue ni nani anatuuza."

Chekalini si karibu. Na mtoto akishaenda kulelewa mbali, kurudi ni majaliwa. Nilikuwa na siku tatu za kuutafuta huo mdomo uliotuuza.

Basi nikaanza kuwashuku watu. Wanangu, kushuku ni kazi kubwa kuliko kulima. Nilimshuku fundi aliyeshona yunifomu. Nilimshuku muuza mafuta ya taa, kwa sababu siku hiyo alinisalimia mara mbili. Hata Mwalimu Joash nilimpima. Mbona hakumshika yule mtu?

Lakini jino. Jino liliniongoza kwa Navalayo, jirani yangu.

Navalayo ndiye alikuwa amelifunga uzi Jumapili akijaribu kuling'oa. Miaka kumi na minne tulikuwa tunaombana chumvi. Nilimkuta anapepeta mahindi.

"Navalayo, lile jino la Hamida ulilishika wewe."

"Nililishika, likakataa kutoka. Kwani limekushtaki?"

"Mgeni alilijuaje?"

Akaweka ungo chini, polepole.

"Mama Bashir, sema kwa kinywa chako. Sema nimeuza mtoto."

Sikusema. Lakini sikukataa.

"Haya. Kuanzia leo moto ukizimika kwako, nenda ukaombe kwa huyo mgeni wako."

Akaingia ndani, akafunga mlango mchana kweupe. Kwetu mlango haufungwangi mchana isipokuwa kuna maiti.

Jumamosi ikafika. Bashir yuko kwa miwa. Nguo za Hamida nimeshazikunja, ziko ndani ya karatasi la sukari. Saa nane mchana nikachukua betri zangu, nikazipanga ndani ya redio. Nilitaka sauti nyingine nyumbani, maana ya Navalayo haikuwepo.

Hamida akaweka mkono juu ya redio.

"Kukhu, usifungue."

Kukhu ndiyo nyanya kwetu.

"Kwa nini?"

"Yule mtu atasikia tena."

Nikacheka kidogo. "Redio haisikii, Kasuku. Redio inasema tu."

"Ndiyo. Inasema."

Nikaketi mbele yake.

"Hamida, ni nini unajua na hukuniambia?"

"Hamkuniuliza. Nyinyi mlikuwa mnaniuliza tu alijua nini. Hamkuniuliza alikosea nini."

"Alikosea nini?"

Mtoto akaangalia mlango, kama mtu anayeogopa kuaibisha mkubwa.

"Alisema ametumwa na baba. Baba yangu karani wa bandarini Mombasa. Eti ametuma viatu, viko kwa gari."

Nikazitoa betri ndani ya redio, moja moja.

Kwa sababu karani wa bandarini hakuwepo duniani. Kila mtu Musanda alimwona Bashir akitoka alfajiri na panga. Navalayo alijua. Fundi alijua. Muuza mafuta alijua. Mtoto mwenyewe alikuwa amekunywa uji na baba yake asubuhi ileile.

Karani wa bandarini aliishi mahali pamoja tu. Kwa kadi zangu za salamu.

Nyinyi vijana hamzijui. Ulikuwa unanunua kadi dukani, unaandika majina ya wale unaowasalimia, unabandika stempu, na siku moja mtangazaji anaisoma redioni. Nchi nzima inakusikia. Mimi nilikuwa naitwa Mama Maelezo wa Musanda, maana wengine waliandika majina matupu na mimi niliandika habari. Mtangazaji alikuwa anazipenda. Alikuwa anacheka.

Ile ya Jumamosi iliyotangulia niliikumbuka neno kwa neno. Salamu kwa mjukuu wangu Hamida, kwa jina lingine Kasuku, mwenye jino la mbele linalotikisika, la juu, upande wa kushoto, akichunga mbuzi wake Chifu wa pembe moja. Salamu kwa baba yake Bashir, karani wa bandarini Mombasa. Na anwani yangu, sanduku la posta la shule. Shule ya mtoto.

Navalayo hakuwa hata na redio.

Mdomo niliokuwa nautafuta siku tatu ulikuwa chini ya pua yangu.

Mbona nilidanganya juu ya Bashir? Wasalimiaji wenzangu walikuwa na watoto Nairobi, wengine Ulaya. Nami nikajitengenezea karani. Ni uongo huo uliomwokoa Hamida, lakini msinisifu. Niliufunga mlango mmoja kwa bahati baada ya kufungua kumi kwa mkono wangu.

Jioni nilimwambia Bashir. Alikuwa ananawa. Aliendelea kunawa mpaka maji yakaisha kwenye birika.

"Karani," akasema.

"Nisamehe, baba."

"Na huu obusuma tunaokula, mama, umenunuliwa na karani?"

Alikula ugali kidogo, akasukuma sahani. Halafu akazifungua zile nguo za Hamida kutoka kwa karatasi, moja moja, akazirudisha kwenye kamba.

Jumapili asubuhi nilishika ingokho, kuku wangu wa kutaga, nikampelekea Navalayo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alimpokea kuku, akampima uzito kwa mkono.

"Huyu umemtangaza redioni kwanza, au nimchinje tu?"

Hapo nikajua nimesamehewa.

Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama nikawasomea kadi moja niliyokuwa bado sijaituma. Watu walicheka mwanzoni. Nilipofika kwa jina la shule, walinyamaza. Tukakubaliana kila nyumba iwe na neno lake la siri. Asiyelijua neno hatoki na mtoto, hata akiwa anajua mbuzi wote wa Musanda.

Yule mtu hajashikwa mpaka leo. Sikuwahi kuuona uso wake. Wengine walioisikiliza kadi yangu Jumamosi ile na kucheka na mtangazaji, sikuwaona pia.

Juzi Hamida, ambaye sasa ni mama, aliweka picha mtandaoni. Kijana wake siku ya kwanza shuleni. Yunifomu, nembo ya shule kifuani, jina kwenye mkoba, lango nyuma yake.

Nikampigia simu.

"Iondoe."

"Kukhu, wanaoona ni marafiki tu."

"Na mimi nilikuwa nasalimia marafiki tu."

Baadaye nikaangalia, picha haipo.

Ninawaambia na nyinyi. Mtu kukujua si wewe kumjua. Na mtoto akikutana na mgeni, kwa simu au kwa miguu, muulizeni yeye kwanza kabla hamjagombana na majirani. Muulizeni alichojua huyo mtu, halafu muulizeni alichokosea.

Kama kuna anayetaka kumtafuta mbuzi wa pembe moja, asijisumbue. Safari hii majina nimeyabadilisha yote, na jino halikuwa la kushoto.