Uso Kwenye Mlango wa Kinyozi

Kaka yangu ni mchoraji wa vibao. Nasema "ni" kwa makusudi, maana watu wengi wa Jinja siku hizi humzungumzia kama marehemu. Ukipita katikati ya mji ule, kwenye maduka ya zamani yenye mabaraza ya mbele, ng'ombe anayecheka kwenye ukuta wa bucha ni wake. Jino kubwa jeupe la daktari wa meno ni lake. Vile vichwa vya wanaume vilivyopangwa kwenye mbao za saluni, ili mteja aelekeze kidole na kusema nikate kama huyu, vingi ni vyake pia. Lakini hakuna anayemkumbuka kwa ng'ombe. Wanamkumbuka kwa uso mmoja, uso wake mwenyewe, ambao leo umebaki nusu. Wapo wanaosema nusu nyingine ilifutwa na washindani wake. Wapo wanaosema aliifuta mwenyewe kabla hajafa. Nimechoka kuwasikia, kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Tulizaliwa Mbale, mtaa wa Nabuyonga, ambako mimi bado ninashona sare za shule. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa askari wa magereza kutoka kaskazini. Alisilimu ili amwoe Mama, binti wa wafanyabiashara Waislamu wa mji. Baba hakujua Lumasaba, lugha ya Mbale, Mama hakujua lugha ya kina Baba, wakakutana kwenye Kiswahili, na sisi tukakikuta ndani ya nyumba kama tulivyokuta sufuria. Majirani wakitusikia walidhani tunaamrishana, kwa sababu kwa wengi huku Kiswahili ni sauti ya jeshi. Kaka alilijua hilo na akalifanyia mzaha. Akitumwa maji alipiga saluti na kusema, "Ndiyo, afande!" Mama alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta.

Alianza kuchora kwa mkaa, kwenye kila kitu kilichosimama wima. Mama hakumzuia kuchora. Alimzuia nyuso. Alikuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba anayechora kiumbe chenye roho anajitafutia maswali Siku ya Kiyama. Kaka alipokua na kuanza kazi, ng'ombe wa bucha Mama alimvumilia, kwa kuwa mwenye bucha lazima auze. Uso wa mtu, hapana. Kaka akamjibu kwamba vichwa vya saluni si watu, ni mitindo ya nywele. Walibishana hivyo miaka mingi, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake ni mkaidi, na wote wawili walikuwa wakaidi kweli. Ndiyo sababu alipojichora hakumwambia.

Wakati huo alikuwa amehamia Jinja, amepanga chumba Wanyange karibu na ziwa. Kulikuwa na kinyozi mjini, Mwislamu mpole mwenye kitambi, aliyekuwa rafiki yake. Duka la kinyozi lilikuwa na mlango wa bati wenye vipande viwili, kimoja kinafunguka kulia na kingine kushoto. Alimwomba kaka amchoree kichwa kikubwa kimoja, nusu kwenye kila kipande, ili mlango ukifungwa kichwa kiungane. Mchana duka likiwa wazi ungeona nusu huku na nusu kule, zimetazama barabara kila moja kwa upande wake. Ijumaa kinyozi akifunga kwenda msikitini, uso ulitokea mzima.

Kaka aliamua kichwa kiwe chake, akachora kipande cha kulia kwa kasi iliyomshangaza kila mtu. Zilikuwa siku ambazo alikuwa akifanya kazi mfululizo bila kulala, anapanda ngazi anaimba, anawagawia watu rangi yake bure, anawachorea maduka hata wasiomwomba. Mimi nilimtembelea wiki ile. Sijawahi kumwona mzuri vile. Macho yalimng'aa, maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, na ile nusu ya uso aliyoichora ilikuwa hivyo hivyo: ngozi laini yenye mwanga, nyusi imenyooka, mdomo umeanza kutabasamu. Nilirudi Mbale nikamwambia Mama kwamba kijana wake amefanikiwa.

Siku chache baadaye aliingia ziwani na nguo zake zote. Wavuvi wa Wanyange walimtoa akiwa bado anaongea.

Alilazwa hospitalini, kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Mama alikwenda, nikaenda. Hakutuambia neno. Nilimlisha uji kwa kijiko, mtu mzima mwenye ndevu, nikawa namkasirikia kwa kutofumba mdomo vizuri, kisha nikatoka nje nikalia. Nilikuwa na hasira na dawa, na wauguzi, na ziwa. Hasira ilikuwa rahisi kuliko hofu.

Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Dawa zilimvimbisha mashavu na kumpunguzia mwendo, na jicho lake la kushoto lilikuwa limelegea kidogo. Alirudi kwa kinyozi, ambaye kwa wema wake hakuwa amempa mchoraji mwingine ile kazi. Kipande cha kushoto kilimchukua miezi. Alikuwa anakaa kwenye benchi mbele ya bati, kioo cha kinyozi mkononi, anaweka rangi kidogo, anapumzika. Kinyozi aliniambia kwamba kuna siku alipaka ukope mmoja tu akaenda nyumbani kulala. Alichochora kilikuwa kile alichokiona kwenye kioo. Shavu lililovimba, rangi ya majivu chini ya jicho, mdomo umetulia bila tabasamu. Hata mstari wa nyusi haukukutana sawasawa na ule wa kulia.

Mwanzoni wateja walilalamika kwamba uso ule utawafukuza watu. Kumbe uliwaleta. Mwanafunzi mmoja aliupiga picha Ijumaa mlango ukiwa umefungwa, picha ikasambaa kwenye simu, na haukupita muda wageni waliokuja kutazama chanzo cha mto Nile wakawa wanauliza pia njia ya kwa kinyozi. Afande mmoja wa doria alikuwa haupiti bila kuupigia saluti. Watu walisimama mbele yake wakanyamaza, jambo ambalo si kawaida ya mtaa ule wenye kelele. Wakatokea hata watu kutoka Kampala waliotaka kuongea na kaka kuhusu maonyesho.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kaka alianza kukaa macho tena, kuzungumza na kila aliyekuja na simu, kuahidi kuta za mji mzima. Dawa aliziacha kwenye dirisha la chumba chake. Safari hii hakufika ziwani, kinyozi aliwahi kutupigia simu. Tukamrudisha wodini.

Ndipo Mama alipouona ule uso, kwenye simu ya jirani yetu, akiwa anaanika mahindi uani. Aliitazama picha kwa muda mrefu. Nilingoja azungumzie Kiyama. Badala yake aliweka kidole kwenye upande wa kushoto akasema, "Huu hapa ugonjwa. Amechora ugonjwa akauweka njiani, kila mtu anautazama. Atapona vipi?"

Hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Aliamini kabisa kwamba uso ule ukiendelea kuwepo mwanawe hatatoka wodini akiwa mzima, na alitaka ufutwe wote. Mimi nilikataa. Nilimwambia kwamba kaka hana kitu kingine duniani, hana mke, hana mtoto, hana kiwanja, ana mlango wa watu tu uliomfanya ajulikane, na ukimnyang'anya huo atarudi ziwani. Tulisemeshana vibaya siku ile, na Mama aliacha chakula changu mezani bila kukigusa. Mwishowe akaenda kwa shehe wa mtaa. Shehe, mtu wa busara asiyependa ugomvi wa wanawake wa nyumba moja, akamwambia kwamba picha iliyokosa nusu ya uso si kiumbe kamili tena, na haina lawama. Futeni nusu, akasema.

Kwa hiyo tulipatana. Hakuna aliyeuliza nusu ipi, wala shehe, wala mimi. Nusu moja ilikuwa nzuri na nusu moja ilikuwa mbaya. Hata mimi, niliyepigania mlango ule, nilifurahi moyoni kwamba atabaki yule kijana wa kung'aa niliyemwona juu ya ngazi.

Tulikwenda Jinja. Kinyozi alisimama mbele ya mlango wake mikono imefunguka.

"Mama, nakuomba. Hii kazi watu mingi wanaipenda. Ngojea mwenyewe atoke."

"Wewe umemzaa?" Mama akamuuliza.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kinyozi alikuwa na watoto wake. Akapisha. Mama alipaka kwa mkono wake mwenyewe, kwa brashi ya kaka iliyokuwa kwenye kopo la mafuta ya taa nyuma ya duka, rangi nyeupe ya mafuta, kuanzia kwenye paji la uso kushuka. Alipofika kwenye jicho alisimama kidogo, akasema bismillahi, akaendelea. Watu waliokuwa wanapita walipiga kelele, mmoja akatuita washenzi. Mama hakugeuka. Tulipoondoka kilibaki kipande cheupe, na karibu yake nusu ya mtu mzuri anayetaka kutabasamu.

Kaka alitoka wodini mwanzo wa mvua. Tulimpeleka kwanza shambani kwetu Busiu apumzike, akawa anapukuchua mahindi na kulala mapema kama kuku. Alikuwa mzito, kimya, shavu limevimba tena. Mama alimhudumia kwa furaha ya kimya ya mtu anayejua siri nzuri. Aliponiomba nisimwambie, sikumwambia. Alitaka amwonyeshe mwenyewe.

Tulikwenda siku ya Ijumaa, sisi watatu, kwa kuwa Mama alitaka aone mlango ukiwa umefungwa. Kinyozi alimkumbatia kaka, hakuweza kumtazama usoni. Akawatoa wateja, akavuta kipande kimoja, akavuta kingine, akatia kufuli.

"Unaona?" Mama alisema. "Tumetoa ugonjwa. Umebaki wewe."

Kaka aliutazama mlango. Alisogea, akaweka kiganja kwenye ule weupe, akakipitisha polepole juu ya bati mahali jicho lilipokuwa. Nilidhani atalia au atapiga kelele. Ningependa angepiga kelele, ningejua la kufanya.

"Mama," alisema, "mumekosea nusu."

"Vipi tumekosea?"

"Huyu mumebakisha, wakati nachora yeye nilikuwa silali. Taa za barabara zilikuwa zinaniita jina. Nilikuwa naona naweza kutembea juu ya maji. Huyu ndio ugonjwa. Ndio alinipeleka kwa ziwa." Aligonga bati jeupe kwa kidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. "Huyu mulifuta, nilichora nikiwa na dawa, nikiwa na akili yangu. Nilishika kioo, nikaona mtu, nikajua ni mimi. Ndio siku ya kwanza nilijua."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimtazama yule mzuri mlangoni, mwenye mwanga kwenye ngozi, yule niliyemsifia kwa Mama, na mara hii nilimwogopa. Macho yake yalikuwa hayafumbi. Sijui kwa nini nilikuwa sijaliona hilo. Kinyozi alijifanya anatafuta kofia yake mfukoni.

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

"Lakini alikuwa mbaya, mwanangu," alisema. "Jicho limeanguka. Shavu hivi. Mimi sikuzaa yule."

Kaka aligeuka, akaegemeza mgongo wake kwenye kipande cheupe, akasogea mpaka bega lake likafika pale vipande viwili vinapokutana. Akasimama hapo, amemtazama Mama. Karibu yake ile nusu ya kung'aa ikitabasamu, na yeye mwenyewe amejaza mahali palipofutwa, jicho limelegea, shavu limevimba, majivu chini ya ukope, kila kitu kama kilivyokuwa kimechorwa. Msikitini mwadhini alikuwa ameanza.

Mama alinyanyuka, akamwendea karibu sana, akamtazama kama mimi ninavyotazama kitambaa kabla ya kukikata. Sidhani alikuwa amemtazama hivyo tangu augue. Sote tulikuwa tukimtazama yule wa zamani na kumngoja arudi.

"Kumbe umechoka hivi," alisema.

"Nimechoka, Mama," kaka alisema. "Lakini nalala."

Mama akainua mkono, akauweka kwenye lile shavu lililovimba, na akauacha hapo mpaka adhana ilipokwisha.