Fundi Aliyefuata Viatu

Fundi viatu wetu hajui watu kwa sura. Mpite njiani ukiwa na viatu vipya, atakuitikia salamu kwa adabu zote, kisha atabaki anajiuliza mgeni huyu mwenye heshima zake katokea wapi. Lakini mvulie kiatu kimoja tu, hata kiwe kimepinda kwa mvua, akigeuze na kutazama soli: atakwambia ni cha nani, mwenyewe huegemea mguu gani, na kama ana tabia ya kupiga mawe teke akikasirika. Miaka thelathini ameinamisha kichwa juu ya miguu ya watu, na shingo imezoea hivyo. Hata akitembea anatazama chini. Wengine humdhania ana huzuni. Hana huzuni yoyote. Ni mtu mwenye raha zake, ila raha zake ziko chini.

Kibaraza chake kiko pembeni ya duka la nafaka, kwenye njia inayotoka shuleni kwenda zahanati. Ana benchi moja la wateja, chuma cha kugongea viatu, na kopo la misumari ambalo ndani yake, chini kabisa, kulikuwa na kadi ya chama aliyoikata akiwa kijana. Kila asubuhi saa nne dada yake humletea chai kwenye chupa. Dada huyo ni mkunga mstaafu, na mtaa mzima humwita Mkunga, mume wake akiwemo. Nusu ya watu wanaomsumbua Fundi awamalizie viatu vyao walipokewa na mikono ya dada yake siku waliyozaliwa.

Basi Mkunga alipotangaza kwamba anautaka udiwani, Fundi alifurahi mpaka akajigonga kidole. Mpinzani wake ndani ya chama alikuwa mfyatua matofali mmoja, jina lake la mtaani Matofali. Chama kilikuwa kimoja na kadi za rangi moja, lakini kampeni haikutimiza mwezi, watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kununiana. Waliitana wasaliti, waliitana vibaraka, kisha wakaenda kukaa kwenye viti vilevile vya mkutano uleule. Ugomvi wa nyumba moja ndio mbaya, maana kila mtu anajua visu viko kabati gani.

Uamuzi ulikuwa wa kupanga mstari. Siku ya mchujo wagombea wawili walisimama juu ya viti katika uwanja wa shule, wakiwatazama watu, na kila mwanachama akatakiwa ajipange mbele ya amtakaye. Hakuna karatasi, hakuna siri. Mistari ikawa mirefu mpaka ikakunja kona ya madarasa, na aliyefika nyuma hakuviona viti wala waliosimama juu yake.

Fundi alifika nyuma. Alikuta mikia miwili ya mistari, vumbi na kelele. Akafanya anachofanya siku zote: akatazama chini. Akaviona viatu vya kahawia, soli ya kushoto imeshonwa kwa uzi wa kijani kwa sababu siku alipoishona uzi mweusi ulimwishia. Viatu vya Karani! Na Karani ndiye aliyekuwa akimwendeshea Mkunga kampeni, nyumba kwa nyumba, daftari kwapani. Palipo na Karani pana Mkunga. Fundi akajipanga nyuma ya viatu vile kwa moyo mweupe, akavifuata hatua kwa hatua, wa mbele wakihesabiwa na kutolewa, mpaka wakakunja kona.

Alipoinua uso, aliyekuwa juu ya kiti ni Matofali, anatabasamu.

Kumbe Karani alikuwa amehama upande asubuhi ileile, kwa sababu anazozijua mwenyewe, na hakumwambia mtu. Fundi akataka kuchomoka, lakini filimbi ilikuwa imeshalia, na kanuni ilikuwa filimbi ikilia hakuna kuhama mstari. Msimamizi akamgusa bega, akamhesabu. Mkunga alikuwa juu ya kiti chake, hatua kama kumi na tano kutoka pale. Fundi akavuta kofia mpaka kwenye pua, akamshukuru Mungu kwa kumuumba mfupi.

Matofali alipata mia moja themanini na saba, Mkunga mia moja themanini na sita. Fundi si msomi, lakini hesabu ile haikuhitaji shule. Angesimama mahali pake, dada yake angeshinda kwa kura moja.

Kesho yake chai ilikuja saa nne kama kawaida, ila haikuwa na sukari. Fundi aliinywa yote, akijua uchungu humsahaulisha mtu mengi.

"Pole, dada," alisema.

"Ndiyo hivyo," akajibu Mkunga, akachukua chupa yake akaondoka.

Mkunga hakupiga kelele. Alikwenda ofisi ya tawi, akaweka kadi yake mezani, akaaga. Wiki haikuisha, watu wakaanza kumfuata: mwuza nafaka na mkewe, wauguzi wote wa zahanati, dereva wa gari la maji na ndugu zake sita. Tawi likabaki nusu. Chama kingine, ambacho mtaani pale kilikuwa na wanachama tisa na bendera iliyopauka, kikajikuta kimejaa mpaka viti vikakosekana. Kikafungua ofisi ng'ambo ya barabara, ikitazamana na tawi la zamani, na kibaraza cha Fundi kikawa kinaziona zote mbili.

Watu wakaacha kusalimiana. Lakini soli huisha bila kuuliza chama cha mtu. Asubuhi moja mwenyekiti wa tawi la zamani alikaa benchini akisubiri kisigino, na pembeni yake akaja kukaa mwuza nafaka, ambaye juzi tu walikuwa wametukaniana wazazi. Wote peku. Kila mmoja akaigeukia ofisi ya chama chake. Kisha mwenyekiti akakitazama kidole gumba cha mwenzake.

"Hicho kimefanya nini?"

"Gunia liliniangukia."

"Pole bwana. Kiloweke kwenye maji ya chumvi, usikidharau."

Kutoka kidole wakaenda kwenye mgongo, kutoka mgongo wakaenda kwenye wajukuu, na Fundi akakichelewesha kile kisigino makusudi.

Hayo yalimfurahisha. Lililokuwa likimtafuna ni moja tu, na hakumwambia hata mama watoto. Shemeji yake, mume wa Mkunga, ndiye aliyemtesa zaidi bila kujua. Alipenda kukaa pale benchini akilaani.

"Kikulacho ki nguoni mwako, shemeji. Mtu mmoja tu! Ningemjua huyo mtu mmoja!"

"Ungemfanyaje?" Fundi akauliza, msumari mdomoni.

"Ningemnyima salamu mpaka kaburini."

Kidogo Fundi aumeze ule msumari.

Wiki ya sita shemeji akaja na habari aliyodhani ni njema. Jumamosi kutakuwa na mkutano wa kugawa kadi mpya, na kamati imeamua kwamba baada ya Mkunga anayefuata kupewa ni Fundi, mbele ya umati wote. "Tutasema, huyu ndiye ndugu aliyesimama na dada yake mpaka mwisho," alisema, na macho yakamlengalenga kwa fahari.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Ijumaa saa nne, chai ilipofika, Fundi akapiga moyo konde.

"Dada, kaa kidogo."

Mkunga akakaa benchini, akavua viatu kwa mazoea.

"Siku ile ya mchujo, sikusimama kwako."

"Najua."

Nyundo ikamponyoka Fundi. "Unajua?"

"Mdogo wangu, mimi nilikuwa juu ya kiti. Nimekubeba mgongoni toka hujaota meno, leo kofia ndiyo ikufiche?"

"Na hukusema kitu!"

"Niseme nini? Msimamo ni wako." Mkunga alikuwa anavitazama vidole vyake vya miguu. "Nilirudi nyumbani nikasema, huyu nimemkosea. Wiki sita natafuta nilikukosea wapi. Nikafika mpaka ile fimbo niliyokuchapa ulipovunja mtungi, nikasema labda ni ile. Sikuipata sababu. Nikaona basi, ndugu ninaye mmoja. Nikaendelea kuleta chai."

Fundi akalia. Alilia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake, gundi mkononi, na hakuona haya. Kisha akaeleza yote, mikia miwili ya mistari, vumbi, viatu vya kahawia, uzi wa kijani.

"Ulifuata viatu?" Mkunga akauliza.

"Vya Karani."

"Hukuuliza mtu mstari huu ni wa nani?"

"Niulize vipi, na viatu nimevishona mwenyewe?"

Mkunga akaanza kucheka. Alicheka akashika mbavu, akacheka mpaka mwenyekiti akachungulia kwenye dirisha la tawi, akacheka huku machozi yanamtoka naye. "Udiwani wangu umekwenda na uzi wa kijani!"

"Na ile chai isiyo na sukari?" Fundi akauliza, akijifuta macho.

"Ile nilikusudia."

Aliponyamaza akavaa viatu. "Shemeji yako nitamwambia mwenyewe, na salamu atakupa, apende asipende. Kesho hakuna wa kukusifu. Kadi yako nimekuwekea. Ukiitaka, njoo. Usipoitaka, baki ulipo, na chai ni saa nne palepale."

Fundi akamwaga misumari, akaitoa kadi ya zamani. Ilikuwa imeshika kutu kwenye pembe zote nne. Aliipenda kadi ile, na hakuna aliyemfukuza. Lakini alivuka mpaka kwenye tawi la zamani, akamkabidhi mwenyekiti kwa mikono miwili, na mwenyekiti akaipokea akamuuliza kama kisigino cha pili kitakuwa tayari Jumatatu.

Jumamosi umati ulikuwa mkubwa. Karani naye alikuwepo, na daftari jipya, akiwaapia watu kwamba alikuwa wa Mkunga tangu mwanzo. Mkunga alimpa mkono. Ikapangwa mistari miwili, mmoja wa kuchukua kadi, mwingine wa kuandikisha majina. Fundi akainamisha kichwa atafute pa kusimama, na vya kwanza kuviona vikawa vya kahawia, uzi wa kijani. Akasita.

Hapo viatu vyeusi vya kisigino kifupi, ambavyo alikuwa amevibadilisha soli mwezi uliopita, vikapenya katikati ya miguu ya watu, vikasimama mbele ya vyake.

"Twende," alisema Mkunga. "Leo nakupanga mwenyewe."

Fundi akavifuata, ila kila baada ya hatua mbili tatu aliinua uso, kuhakikisha aliyevivaa bado ni yuleyule.