Mzee Anayepokea Simu za Mabosi

Wakimbizi wengi wa mtaa wa Greyville, wakiomba kazi, huandika namba ya mzee wa duka la simu kama ya bosi waliyemwacha kwao. Simu ikilia, mzee hufunga kifungo cha shingoni, hujifanya huyo bosi, kisha hutaja kazi na miaka tu. "Mengine sisemi." Leo kiwanda kimoja cha mtaa wa Jacobs kinamuulizia mkimbizi mmoja, Ninahazwe, naye amekaa pale pale dukani. Mzee anakohoa kikavu, na sauti inayotoka ni ya patron wa Ninahazwe, bosi wake wa zamani, waliyemzika Bujumbura. "Jumatatu alikuwa anachelewa, juu ya ugonjwa wa mama yake." Ninahazwe hajamwambia mtu yeyote hapa hayo. Kiwanda kinauliza kama angempokea tena. Mzee anamgeukia Ninahazwe, hapepesi macho. "Hata leo. Huku namngoja."