Viti vya Gari la Kwenda Kilimani

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa mwalimu kijana karibu na Ikoma, nikiishi kwa bibi mzaa mama, na nilijiona hodari wa kupanga mambo kuliko katibu wa kijiji. Bibi alikuwa anapoteza macho. Mtoto wa jicho alikwisha kulifunga la kushoto, na la kulia lilikuwa linafuata. Ombi lake lilikuwa moja tu: akione kilima alikozaliwa kabla hajawa kipofu. Kilima chenyewe kilikuwa ndani ya hifadhi. Watu wake waliondolewa zamani mipaka ilipowekwa, na sasa ili afike kwao ilimbidi apite getini kama mgeni.

"Basi tutakwenda kama watalii," nikamwambia. "Na tutakula hotelini, kwa uma na kisu."

"Mume wangu huyu ataniaibisha," akacheka. "Kwanza aninunulie meno."

Dereva mmoja wa hoteli ya watalii, ambaye mwanawe nilimfundisha, alikubali kutuchukua Jumamosi moja katika Landrova ya kubebea mboga. Nikauandika mpango nyuma ya daftari la somo la siasa: asubuhi getini, kisha nyumbu, kisha kilimani, mchana wali hotelini, na wakati wa kurudi tupitie kwenye ngome ya zamani ya Wajerumani. Bibi hakujali nyumbu wala Wajerumani. Kila jioni aliniuliza tutasimama kilimani muda gani, nami nikamjibu mpaka achoke mwenyewe. Alifua kanga zake zote mbili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa barua. Nilimwandikia baba kule Nyarero, kujisifu tu, naye Ijumaa akashuka kwenye basi amevaa koti la kanisani. Mama alibaki kuangalia mji.

"Nimekuja kuwaona hao wanyama wanaolindwa kuliko ng'ombe zangu," akasema.

Sasa, kwetu Wakurya mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawali pamoja, wala hawaangaliani usoni. Baba alikuwa akimwona bibi kwa mbali njiani, anaingia porini mpaka apite. Na Landrova ile ilikuwa na kiti cha mbele na kibenchi kimoja nyuma, kati ya matenga. Nikapanga upya usiku kucha: baba mbele, bibi nyuma amejifunika kanga, na hotelini meza mbili, wapeane migongo. Kwenye daftari mambo yalikaa sawa kabisa.

Asubuhi bibi alisikia kikohozi cha baba kando ya gari, akarudi nyuma ya nyumba.

"Mwambie mkwe aende. Ametoka mbali."

Baba naye, uso ameuelekeza bondeni: "Mwambie mama aende. Mimi sijafa kwa kukosa kuona tembo."

Nikawa nazunguka nyumba kupeleka maneno, mara nne, mara tano. Heshima yao ilikuwa imewafunga wote wawili, na dereva akaanza kupiga honi. Aliyeamua ni mimi. Nilisema baba ametoka mbali, bibi yuko hapa hapa, atakwenda mwezi ujao. Bibi aliitikia haraka, kwa sauti ya uchangamfu ambayo ningepaswa kuitilia shaka.

Siku ile ilikuwa tamu, na ninaionea aibu hadi leo. Baba alikula wali kwa mkono katikati ya wageni, akatangaza kwamba mpishi hajui chumvi. Tulipokuwa tunapita kilimani, dereva alinyoosha kidole upande wa kulia, akasema ndicho kile. Upande wa kushoto simba jike alikuwa anavuka na watoto wake. Mimi na baba tuliangalia kushoto.

Mwezi uliofuata petroli ikaadimika. Kisha dereva akahamishwa. Niliomba kwa kila mtu mwenye usukani, hata kwa wale niliokuwa siwasalimii, nikaambulia ahadi. Jicho la kulia la bibi likafungika kabla ya masika.

Jioni moja aliniita nikae karibu yake.

"Wewe ulipita pale. Nisimulie."

Nikasimulia majani mabichi na upepo, vitu visivyokosekana kwenye kilima chochote duniani.

"Na mawe yetu ya kusagia? Yalikuwa yanaonekana kutoka njiani, chini ya mwamba."

"Yapo, bibi."

"Mangapi?"

"Matatu," nikasema, maana ilibidi niseme kitu.

Akahesabu kwa vidole. "La mama. La shangazi." Akakishika kidole cha tatu. "Basi hata langu dogo, la kitoto, hawakulitupa."

Nikamwambia limekaa pale pale alipoliacha.