Kokwa za Avoka

Mpaka leo nikisikia harufu ya sandali ya plastiki inayoungua, narudi kuwa na miaka kumi, niko uani kwa shangazi, mjini Muyinga, nimeshika msumari wa moto. Wengine huziba pua. Mimi huivuta harufu hiyo.

Baba alikuwa fundi wa mbabula, yale majiko ya mkaa ya bati, kwetu Yoba, mjini Gitega. Likizo ile aliponipeleka kwa dada yake, aliniachia koleo lake dogo kwa sharti moja: siku ya Idi angekuja, na kama sikuwa na lori la kuteremka lenyewe mpaka chini ya kilima, koleo lingekwenda kwa kaka yangu Saidi. Saidi, ambaye hajawahi kukunja hata waya wa kuanikia nguo! Nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

Lori nilikuwa nalo tayari, nimekuja nalo kutoka nyumbani. Mwili wa waya na makopo, magurudumu ya kokwa za avoka, yale maparachichi, nilizozitoboa zikiwa mbichi, laini, za mviringo, nzuri kweli. Baada ya juma moja zilikauka, zikanywea, zikapasuka katikati zote nne. Watoto wa jirani walishika mbavu kwa kucheka.

“Gari ya musichana,” wakasema. “Iko inakufa mbele ya kutoka!”

Nikaokota vipande vyote, nikavitia mfukoni. Kisha nikakata magurudumu mapya kwenye sandali, nikayatoboa kwa msumari uliopashwa moto. Bahati mbaya zilikuwa sandali za shangazi za kutawadhia, bado nzima.

“We mutoto! Iko nini unachoma? Sandali zangu?”

Nilichapwa, na haki yake alikuwa nayo. Lakini gurudumu moja nilikuwa nimelikata upande, likayumba, kwa hiyo kesho yake nilizunguka majirani nikiomba sandali zilizokufa. Safari hii nilichora duara kwa kizibo cha chupa kabla ya kukata. Kazi hiyo nilirudia mara sita, na kila mara nilijua kosa lilikuwa wapi.

Siku ya Idi baba alifika na kanzu yake. Nililiachia lori juu ya kilima. Katikati ya njia kichwa kiling'oka, watoto wakapiga kelele, lakini magurudumu manne yaliendelea mpaka chini. Baba hakukitazama kichwa. Aliyazungusha magurudumu kwa kidole, moja moja, akasema, “Koleo ni lako.”

Nilikuwa mtu mzima nilipokumbuka jambo moja: kule Yoba, nilipokuwa natoboa zile kokwa, baba ndiye aliyenishikia zisiteleze. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

“Mi nilijua zitapasuka,” akajibu. “Ningekwambia, ungenisikia tu. Sasa uliona mwenyewe.”

Nikakasirika upya, na nikampenda zaidi.

Siku hizi natengeneza vijumba vya karatasi ngumu kwa watu wa Gitega wanaotaka kuona nyumba kabla ya kujenga. Vilivyoharibika navipanga juu ya kabati, karibu na kokwa moja iliyopasuka. Saidi kila akija huniambia nitupe takataka hizo. Situpi hata kimoja. Na koleo akilihitaji, analitumia hapa hapa, mbele ya macho yangu.